Nilimwombea Zuberi Halbadiri

Juma lililopita mliniacha nimepiga magoti uani kwangu, Kabambare, katikati ya mizoga saba.

Punda mmoja mweupe wa Maskati. Mbuzi sita wa maziwa. Wote wa Bwana Assumani, tajiri wa pembe za ndovu kutoka Kasongo, aliyeniachia niwalishe siku tatu msafara wake ukipumzika. Walikula asubuhi. Kabla ya adhuhuri povu lilikuwa limewatoka mdomoni na miguu imekakamaa.

Kwa aliyechelewa kufika: mimi ni Waridi, mjane wa Faradji. Kazi yangu ni chakula cha mifugo. Pumba za mpunga, majani ya viazi, maganda makavu ya muhogo, chumvi kidogo ya majivu. Nakanda, natia horini. Msafara wowote uliopita Kabambare ukienda ziwani au ukirudi, punda wake walikula kwangu.

Na Zuberi mnamjua. Alikuwa rafiki wa marehemu mume wangu. Arobaini haijaisha akaja kuniposa, ili ua wangu na wake uwe mmoja. Nikamkatalia mbele za watu, nikacheka. Kile kicheko hakukisahau. Akafungua ua wa pumba mkabala na wangu. Akanichukulia wakata majani wangu wote wanne. Akawaambia wenye misafara kwamba nafuga fisi.

Sasa mifugo ya tajiri imekufa kwenye hori langu, na tajiri amesimama juu yangu na fimbo yake.

“Ijumaa baada ya swala,” alisema Bwana Assumani, “uniletee aliyefanya hivi. Usipomleta, utabeba pembe yangu mpaka ziwani, mnyororo shingoni. Binti yako atakaa nyumbani kwangu Kasongo.”

Binti yangu ni mmoja tu, Aziza. Alikuwa amekwisha kuposwa katika nyumba ya waungwana. Mtu akisema “atakaa nyumbani kwangu”, sisi wa zamani zile tulijua maana yake. Harusi haipo tena. Jina lake mwenyewe halipo tena.

Sikuuliza nani kafanya. Jina lilikuwa ulimini mwangu limekwisha kuiva.

Nikatawadha, nikajifunga kanga nyeusi, nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Atumani wa msikitini.

“Mwalimu, nataka halbadiri.”

Alikuwa anashona kofia. Sindano ikasimama.

“Mama Aziza, halbadiri si dawa ya kikohozi.”

“Najua.”

“Hujui. Ungejua usingekuja mbio hivi. Kisomo kile tunawataja mashahidi wa Badri mmoja mmoja, tunamshitaki mdhalimu kwa Mwenyezi Mungu. Kikishasomwa hakirudi kifuani. Tumbo litavimba, mdomo utapinda, nyumba itazimika.”

“Ndicho ninachokitaka. Kimpinde mdomo kwanza, ndio kimvimbishe tumbo. Kwa mpango huo, kama inawezekana.”

Mwalimu hakucheka.

“Na hakina upendeleo,” akasema. “Kama dhuluma ilitoka kwa aliyekuja kukiomba, kinaanzia nyumbani kwake. Umesafisha nyumba yako?”

“Mikono yangu ni safi, Mwalimu.”

“Sikukuuliza mikono. Nimeuliza nyumba.”

“Na nyumba.”

Nilijibu upesi kama mtu anayefukuza nzi. Mungu wangu anajua kwamba wakati ule niliamini.

Mwalimu akakubali, kwa sharti la desturi. Itapigwa mbiu sokoni ili mwenye kosa apate nafasi ya kukiri. Ijumaa, kabla ya kufungua kitabu, atauliza mara tatu. Akitokea mtu, hakuna kusoma. Asipotokea, kitasomwa.

Mbiu ikapigwa Jumatatu. Jumanne nikamkuta Zuberi sokoni, kwenye kilima cha chumvi, ameshika pakacha tupu.

“Shemeji,” akasema. Aliniita shemeji siku zote, hata alipokuwa ananiharibia. “Nasikia unatusomea.”

“Sisomei watu. Nasomea mutu mumoja.”

“Mutu gani huyo?”

“Anajijua. Tumbo lake limekwisha kumwambia.”

Wauza samaki wakasogea ili wasikie. Zuberi akajaribu kucheka, kicheko kikamkwama kama mfupa.

“Mi tumbo yangu iko vizuri,” akasema. “Asubuhi nimekula bugali na mboga ya sombe.”

“Kula, ndugu yangu. Kula sana. Ijumaa mdomo ukihamia sikioni, sombe utaitia wapi?”

Soko zima likapasuka. Mwanamke mmoja muuza mawese alikaa chini kabisa. Zuberi akaondoka, pakacha likiwa tupu vilevile, chumvi hakununua.

Niseme kweli, maana nimeahidi kuisema: siku ile nilifurahi kuliko siku ya ndoa yangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mwenye ng'ombe mia.

Jumatano akaniletea kuku. Hakuja mwenyewe, alimtuma dada yake. Kuku jike, mwekundu, mnono.

“Kaka anasema yaishe,” dada mtu alisema. “Majirani ni majirani.”

“Yaishe nini? Kuna jambo alilolianza?”

Akaniwekea kuku mikononi. Nikaingia ndani, nikachana kipande cha bafta nyeupe, ile tunayoizikia watu wetu. Nikamfunga kuku mguuni, nikamrudisha mikononi mwake.

“Mwambie kaka yako nguo yake ya mwisho nimeanza kumkatia. Iliyobaki ataivaa baadaye.”

Aziza alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti ndogo, “Mama, hiyo imezidi.”

“Ikizidi nitaipunguza akishakufa.”

Ndivyo nilivyokuwa. Nilikuwa naswali swala tano, na katika kila sijida nilimtaja Zuberi bin Makame kwa jina lake kamili, ili malaika wasije wakakosea nyumba.

Habari zikawa zinaniletea utamu kila saa. Zuberi hali. Zuberi hasemi. Zuberi amekaa ukumbini anajishika mbavu. Punda wa watu katika ua wake wanalia njaa, naye hasikii.

Alhamisi, alasiri, nikawa nafagia ghala langu ili nyumba iwe safi kwa siku ya haki. Nilikuwa na mwanambuzi mmoja, wa kwangu mwenyewe, mweusi, aliyezoea kunifuata kama paka. Katika pembe ya ghala palikuwa na kapu la mabaki, lile nililochanganyia chakula cha siku ya msiba gizani, kabla ya alfajiri. Akatia kichwa kapuni, akala. Nikamwacha ale. Kwa nini nimzuie? Sumu ya Zuberi, kwa hesabu yangu, ilitiwa horini nje, si ghalani. Ghala lina kufuli na ufunguo hulala shingoni mwangu.

Sikuwa nimemaliza kufagia. Mwanambuzi akayumba. Akaanguka kwa magoti ya mbele, kama anayeswali, akaanza kuhema mdomo wazi. Povu likatoka.

Nikamkalia pale chini, nimemshika kichwa, mpaka akakoma.

Kisha nikalivuta kapu mlangoni, penye mwanga, nikamwaga yote.

Pumba zilikuwa pumba. Majani yalikuwa majani. Nikashika ganda la muhogo. Ganda langu mimi nalijua. Ni jeusi, laini, lina harufu ya tope hata likikauka. Hili lilikuwa gumu, jekundu kwa nje na jeupe kwa ndani, kama limetoka shambani jana.

Nikaita, “Aziza.”

Akaja anajifuta mikono.

“Maganda haya umeyatoa wapi?”

“Hapahapa, mama. Ya muhogo wetu.”

“Yalikaa mtoni siku ngapi?”

“Hayakukaa mtoni. Nilimenya kwanza, ndio nikauzamisha muhogo wenyewe.”

Wasomaji wangu wa mbali, niwaeleze. Muhogo wa kwetu ni mchungu. Sisi Wabangubangu tangu mabibi zetu tunauzamisha mtoni na ngozi yake, siku nne, mpaka ulainike. Ndipo ngozi inabanduka yenyewe. Ganda la namna hiyo uchungu wake umekwenda na maji. Ukilianika, mbuzi anakula na kunenepa. Hilo ndilo lililonitajirisha: nilikuwa naokota mtoni kile ambacho wanawake walikitupa.

Lakini ganda la muhogo mchungu ambalo halijaguswa na maji ni mauti.

“Nani alikufundisha kumenya kwanza?”

Akajifuta mikono tena. “Shangazi zake mchumba wangu. Walikuja, ukawapa bugali. Walisema unga wetu unanuka tope la washenzi. Walisema pwani watu humenya kwanza, unga unatoka mweupe, hauna harufu. Wakasema wao hawataoa harufu ya mtoni. Mama, wewe mwenyewe ulisifu. Ulisema sasa tunakula kama waungwana.”

Nilisema. Niliushika ule unga mweupe, nikaupeleka kwa jirani auone. Sikujiuliza hata mara moja ganda lake limekwenda wapi.

“Na wewe ndiye uliyenifundisha ganda halitupwi,” akasema. “Nikaanika, siku uliponiachia ufunguo nikatia kapuni. Nilidhani nakusaidia.” Akamwona mwanambuzi. Akatazama kapu. Akatazama uani, pale ambapo punda wa Maskati alianguka. “Mama. Ni mimi?”

Nikamziba mdomo kwa kiganja changu.

“Hukusema neno. Sikusikia neno. Rudi jikoni.”

Sasa hapa ndipo ningekuwa mtu. Njia ya kwenda kwa Mwalimu Atumani ilikuwa fupi, na jua bado lipo. Ningemwambia: Mwalimu, uliponiuliza nyumba, nilijibu bila kutazama.

Lakini nikafikiri. Nikimwambia Mwalimu, Bwana Assumani atajua kabla ya magharibi. Mimi mnyororoni, Aziza Kasongo. Na Zuberi? Zuberi atakaa ukumbini kwake ale sombe, ua wangu ukiota majani. Atamwoza mtoto wake. Atanenepa. Hilo la Zuberi kunenepa ndilo lililonishinda kabisa.

Nikalichoma kapu. Nikamzika mwanambuzi nyuma ya migomba. Nikatandika mkeka, nikaswali rakaa mbili, nikainua mikono. Sikuomba msamaha. Niliomba hivi: “Ee Mola, mtu yule ni mbaya, unamjua. Fanya awe na kosa lingine.”

Muogope Mungu unapomwomba hivyo. Wakati mwingine hujibu.

Ijumaa baada ya swala watu walijaa barazani kwa Bwana Assumani. Wanaume mbele, wanawake kwenye mkeka wa pembeni, Aziza kati yao amejifunika mpaka macho. Ubani ukafukizwa. Wasomaji saba wakakaa duara. Mwalimu Atumani akaweka kitabu cha majina ya Badri upande wa kulia na msahafu upande wa kushoto, juu ya mto mweupe.

“Nauliza mara ya kwanza,” akasema. “Nani ana neno kabla hatujafungua?”

Bwana Assumani alikuwa ananitazama mimi tu.

“Nauliza mara ya pili.”

Magoti yangu yalikuwa yananiambia simama. Nikayashika kwa mikono. Nilifikiri: kikisomwa, kitaanzia nyumbani kwangu. Kitamchukua Aziza. Mwambie, Waridi. Mwambie sasa. Nikafungua kinywa.

“Nauliza mara ya tatu na ya mwisho.”

“Ni mimi.”

Si sauti yangu. Ilitoka nyuma, kwenye nguzo. Watu wakapasuka katikati kama nguo, na pale katikati alikuwa Zuberi, anatambaa. Mtu mnene yule, siku nne zilikuwa zimemkunja kama shuka.

“Ni mimi, Mwalimu. Usisome. Niko na watoto.”

Bwana Assumani akainuka. “Ulimpa punda wangu sumu?”

“Sikutia sumu, Bwana. Nilitia dawa. Nilikwenda kwa mganga ng'ambo ya mto, nikamwambia nipe kitu cha kufukuza wateja. Nikakizika chini ya hori ya huyu mama, nyumbani kwake, wakati yeye iko mtoni. Nilitaka biashara yake ife. Wallahi sikutaka punda afe.”

Watu wawili wakatumwa mbio uani kwangu. Wakarudi na kifurushi, udongo bado unadondoka. Wakakifungua mbele ya Mwalimu. Jivu. Unyoya wa kunguru. Nywele kidogo zilizofungwa kwa uzi mwekundu. Kitu kisichoweza kumuua hata siafu.

Lakini watu walirudi nyuma hatua tatu, wakivuta pumzi. Mzee mmoja akasema, “Subhanallah, kisomo hakijasomwa na kimekwisha kumtoa.”

Nami niliyejua ndani ya kifurushi kile hamna kitu, nilikaa nikakitazama, nikaona dua yangu ya jana imelala pale mkekani, imejibiwa.

Bwana Assumani akanigeukia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na adabu.

“Mama Aziza, nilikuonea. Binti yako ni binti yako. Ua wa huyu ni wako kuanzia leo, na wakata majani wake. Yeye atakwenda ziwani na pembe. Au kama una adhabu nyingine, sema. Wewe ndiye uliyedhulumiwa.”

Zuberi alikuwa ameinamisha kichwa. Akakiinua.

“Shemeji, Faradji alikuwa kama ndugu yangu,” akasema. “Tangu unirudishie yule kuku na sanda mguuni, sijatia kitu mdomoni. Nisamehe. Mi nilikuwa na hasira ya kuchekwa tu.”

Neno moja lilitosha. Kulikuwa na maneno mengi mazuri duniani, ya Kiarabu na ya kwetu. Ningeweza kusema nimemsamehe, basi, Bwana angecheka, angemtoza mbuzi wachache, na kila mtu angekwenda kula.

Nikakumbuka wakata majani wangu wanne. Nikakumbuka lile la fisi. Nikakumbuka miezi miwili niliyobeba majani kwa kichwa changu mwenyewe, naye yuko kibarazani ananihesabia hatua.

“Mtieni mnyororo,” nikasema.

Nimeomba toba kwa neno lile miaka mingi, na bado nakumbuka lilivyokuwa tamu.

Wakamfunga kamba palepale, mikono nyuma. Watu wakaanza kuvaa viatu. Mimi nikaanza kuinuka.

“Kaeni,” akasema Mwalimu Atumani.

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kitabu.

“Mtu ametokea, lakini amekana sumu, na halbadiri ilikwisha kuombwa,” akasema. “Kuna njia mbili za kuiondoa juu ya mji huu. Ama aliyeiomba aweke mkono juu ya msahafu, aseme mbele ya Mungu: nimemjua aliyenidhulumu, ndiye huyu, wala simjui mwingine. Tukafunga, tukala. Ama asiape, na sisi tusome, kisomo kimtafute chenyewe. Mama Aziza, una udhu?”

“Ninao,” nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

“Basi sogea.”

Nikasogea kwa magoti. Ulikuwa mwendo wa mikono mitatu tu. Nikiapa, nimemdanganya Mungu usoni pake. Nisipoapa, waanze kusoma, na nilijua wataishia mlango wa nani.

Mwalimu akausukuma mto mweupe mpaka ukanigusa. Akanitazama kama siku ile alipouliza habari ya nyumba.

“Mkono, mama.”

Zuberi, kamba mikononi, alikuwa ameegemea nguzo. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeoga. Alinihurumia, yule mjinga. Alidhani naogopa kitabu tu, kama wanawake wengi.

“Weka tu, shemeji,” akasema polepole. “Mi nimekwisha sema ukweli wangu. Wewe sema wako, twende.”

Nikainua mkono wa kulia.

Ndipo, nyuma yangu, kwenye mkeka wa wanawake, nikasikia bangili za Aziza. Sikugeuka. Mama anazijua bangili za mwanawe. Zilikuwa za mtu anayesimama.